Nyuzi za Rangi Tatu

Fundi wetu wa nguo hajifunzi Kijerumani kwa kunong'ona. Kila jina la kitu katika lugha hiyo hutanguliwa na der, die au das, naye ameamua kuvifunga vitu vyake nyuzi: bluu kwa der ya kiume, nyekundu kwa die ya kike, kijani kwa das isiyo ya kiume wala ya kike. Cherehani ina uzi mwekundu, meza ina wa bluu, nami niliyekuja kupimwa suruali nilitajiwa kifungo na der yake kabla ya salamu. "Kwa nini kifungo kiwe dume?" nikauliza. "Kwani umekizaa wewe? Simama wima!"

Mara simu ikaita. Alikuwa mjukuu wake wa ughaibuni, anayemwita Oma, yaani bibi kwa Kijerumani, asiye na Kiswahili hata cha kuombea maji. Fundi akainua mkasi mbele ya kamera, akatangaza kama yuko mnadani: "Der Schere! Mkasi!"

"Die, Oma!" mtoto akacheka.

Hakutahayari. Aliung'ata uzi wa bluu uliofungwa kwenye mkasi ukakatika, akafunga mwekundu, akauinua mkasi tena, safari hii kimya.

"Die Schere," mtoto akasema. Kisha, polepole: "Mkasi, Bibi."

Fundi akageukia cherehani, akaikanyaga mbio, na chini ya sindano hapakuwa na kitambaa.