Jicho Si Chupa

Nilikuwa nanyoa ndevu redio iliposoma matangazo ya vifo, nikasikia jina la mtu ambaye siku zote nilidhani angetuzika sisi. Nilijikata kidevuni. Jina silitaji, kwa kuwa safu hii ya gazeti haina desturi hiyo na mwenyewe hakupenda kutajwatajwa. Waliosoma shule za harambee huku kwetu Kisii miaka ile ya sitini watamtambua: mwalimu wa kemia kutoka upande wa ziwani, mrefu, koti lile lile la kijivu jua na mvua, na ambaye hakuwahi kucheka mzaha wangu hata mmoja. Mimi nilifundisha Kiswahili chumba cha pili. Hatukuwa marafiki wa kutembeleana, lakini kifo chake kimeniuma kuliko nilivyotarajia.

Maabara yetu ilikuwa darasa la kawaida lenye meza ndefu na pipa la maji yaliyotekwa mtoni. Humo alifundisha asidi na besi hata wavivu wakaacha kusinzia. Aliichovya karatasi ya litmasi kwenye maji ya ndimu ikawa nyekundu, akaichovya kwenye magadi ambayo mama zao walilainishia mboga ikarudi buluu. Akawaambia kwamba asidi na besi zikikutana kwa kipimo sawa, ukali wa zote mbili huisha, na kinachobaki ni chumvi na maji. Kupitia ukutani nilimsikia akiongeza kwamba iko michanganyiko inayoonekana imetulia, kumbe ndani yake chembe zinaachana na kurudiana muda wote. Hilo sijui ni wangapi walilishika. La chumvi na maji walilishika wote.

Katika darasa lake la sayansi palikuwa na msichana mmoja tu. Ami zake walipinga asisomee mambo ya wanaume, ila baba yake, mkulima wa chai na mzee wa kanisa, alishikilia asome. Siku moja walikuwa wakitayarisha maji ya kostiki soda, besi kali ya kutengenezea sabuni. Badala ya kuitia soda ndani ya maji kidogo kidogo, binti alimimina maji juu ya soda. Ikachemka ghafla na kumrukia machoni. Niliposikia mayowe nilikimbia, nikakuta kijana mmoja, rafiki yake wa dawati, ameshazibua chupa ya asidi. "Mwalimu, hiyo ni besi! Tutie asidi, iishe!" Alisema hivyo kwa nia njema kabisa, na wenzake walikuwa wakimpisha njia. Mwalimu alimkamata mkono. Kijana akang'ang'ana, machozi yanamtoka: "Lakini si wewe ulitufundisha?"

"Nilifundisha ya kwenye chupa," akamjibu. "Hili ni jicho. Rudisha hiyo, ulete maji!"

Akanipa kichwa cha binti nikishike, akamfungua kope kwa vidole na kuanza kumimina. Alimimina kikombe baada ya kikombe, huku binti akilia "Tata, Tata," akimwita baba yake. Baba alikuwa jirani, kwenye kituo cha kuuzia majani ya chai, na haikuchukua muda akaingia na fimbo mkononi, pikapu ya mfanyabiashara mmoja ikipiga honi nje. "Gari iko hapa! Wewe unamwaga maji tu?" Mwalimu hakuinua uso. "Mzee, macho yanaungua sasa hivi. Tukimbeba hivi, yataungua njia nzima mpaka hospitali ya Kisii mjini. Acha nioshe." Mzee akasogea. "Wewe si mtu wa hapa, Mwalimu. Mtoto akipofuka, utanijibu." Fimbo ilikuwa imeinuka. Niliogopa, nasema kweli, na pipa nalo lilikuwa linaonyesha kitako chake. "Nitakujibu, mzee," akasema mwalimu. "Sasa nisaidie. Maji yanakwisha." Sijui ni nini kilichomgusa yule baba. Aliitupa fimbo, akanyakua ndoo, akateremka mtoni mbio, na darasa zima likamfuata. Waliosha mpaka utelezi wa soda usoni pake ulipokwisha, ndipo wakampakia garini, mwalimu akiendelea kumwagia maji njiani.

Jicho moja lilipona. La pili lilibaki na ukungu mpaka leo. Daktari alisema bila maji yale yangepotea yote mawili, lakini kikao cha wazazi kilitaka mwalimu afukuzwe. Aliyesimama kukataa ni yule mzee wa fimbo.

Baadaye nilimuuliza mwalimu mwenzangu huyo kwa nini asidi isingefaa. Akaniambia kwamba zikikutana huzaa joto, na joto hilo lingekuwa ndani ya jicho. Tena nani angepima kipimo sawa katika mayowe yale? Nimelikumbuka jibu hilo kila ninapoona tunavyoishi tangu tupate uhuru wetu. Mpaka wa shamba ukisogezwa, ndugu anakuja na panga. Kanisa likitofautiana, upande mmoja unafunga mlango na wa pili unavunja kufuli. Sisi waandishi nasi tukitukanwa tunajibu kwa tusi zito zaidi, tukiamini tunasawazisha. Kila mmoja amezibua chupa yake kwa nia njema, na anayeungua bado yuko chini analia.

Jumamosi tulikwenda kwao ziwani kumzika, lori zima la watu wa Kisii. Yule binti, ambaye sasa ni mama wa watoto, alisoma Maandiko akiwa ameisogeza Biblia karibu na jicho lake zima. Baba yake, mzee kabisa, alimshika kiwiko. Alipofika mwisho alishindwa kujizuia, na nilikuwa karibu kiasi cha kuona kwamba machozi yalitoka macho yote mawili, hata lile lenye ukungu. Nami nililia. Tangu siku hiyo nimejiwekea sharti moja: nikimkuta mtu anaungua, sitaanza kuuliza amemwagikiwa na nini, wala nani alaumiwe. Nitauliza maji yako wapi.