Bi Ndoo na Mililita Mia na Kumi

Jina lake la kwenye cheti silijui, na sijawahi kulihitaji. Sisi wenye vituo vya mafuta tunamwita Bi Ndoo, kwa sababu ya ndoo ya chuma ya lita ishirini anayoibeba mkono wa kushoto, ile yenye shingo ndefu na kioo chembamba cha kusomea ubavuni. Mkono wa kulia hubeba sanduku la spana. Mwili wenyewe mdogo, ukimwona kwa mbali utadhani vyombo ndivyo vinavyomtembeza yeye.

Kazi yake ni kutengeneza mita za pampu za mafuta. Mita ndiyo inayohesabu lita kabla hazijaingia kwenye gari lako. Ikichakaa, ama inampunja mteja ama inaninyonya mimi, na haichagui kwa huruma.

Siku ya kwanza nilimwita kwa sababu bei yake ilikuwa ya chini kuliko ya wenzake, na nikaipunguza tena. Akakubali haraka mno, nikajua nimepunguza kidogo kuliko nilivyoweza. Halafu akafanya jambo lililonikera. Alijaza ndoo mafuta hadi shingoni, akayamwaga yote kwenye tangi bila kuyapima, akaiinamisha ndoo na kuanza kuhesabu kwa midomo hadi thelathini, tone baada ya tone. Ndipo akajaza mara ya pili.

"Mama, unachezea mafuta yangu," nikamwambia.

"Yamerudi kwenye tangi lako, Tajiri. Ndoo lazima ilowe kwanza. Ikiwa kavu, mafuta mengine yanashika kwenye bati na kioo kinasoma pungufu."

"Kiasi gani?"

"Kiasi cha kukugombanisha na watu."

Nikaona ni madoido ya fundi anayetaka kuonekana mtaalamu. Nikamwacha aendelee, kwa kuwa bei ilikuwa nzuri.

Alianzia chini kabisa, mhudumu wa pampu, kofia na sare iliyompwaya. Wateja walimtukana kwamba anawapunja. "Kutukanwa kwa kosa langu, sawa," aliwahi kuniambia. "Kutukanwa kwa kosa la boksi ambalo sijaona hata utumbo wake, hapana." Basi fundi wa kampuni akija, yeye humshikia tochi, awe zamuni au asiwe. Alishika tochi miaka mitatu. Mwaka wa nne alifanya mtihani wa ofisi ya vipimo, akaanguka. Akarudi mwaka uliofuata, akapita, akapewa koleo la lakiri.

Hilo koleo ndilo ajira yake. Fundi akimaliza mita, hupitisha waya kwenye skrubu ya kurekebishia, huufunga kwa kipande cha risasi na kukibana kwa koleo lenye namba yake. Hiyo ndiyo lakiri. Asiye na koleo anaweza kujua mita kuliko aliyeiunda, na bado hatakuwa fundi bali mpita njia mwenye spana.

Anaishi vyumba viwili na wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Nilifika huko mara moja kufuata gasketi. Ukumbini kulikuwa na pistoni nne za mita zinalowa kwenye sufuria ya dizeli, na wifi alikuwa mlangoni, mikono kiunoni.

"Karibu, bwana. Ukitaka kukaa, kaa mbali na hiyo sufuria. Hiyo ndiyo mume wa pili wa wifi yangu."

"Sufuria yako ya kupikia nimeigusa?" Bi Ndoo akauliza kutoka ndani.

"Hujaigusa. Lakini jana chai ilikuwa na harufu ya lori."

"Hiyo ni wewe unavyopika."

Wakacheka wote wawili. Mimi nilichukua gasketi zangu nikaondoka.

Sasa, miezi sita baada ya kufunga lakiri kwenye pampu yangu namba mbili, wakaguzi wa vipimo wakaja, Jumanne saa tatu asubuhi. Wakajaza ndoo yao mara moja, wakainama kwenye kioo. Pungufu mililita mia na kumi. Kinachoruhusiwa ni mia. Wakazungushia pampu utepe mwekundu, na mkaguzi, mtu mnene mpole asiyepandisha sauti, akanisomea namba ya lakiri.

"Ya nani hii?"

"Bi Ndoo."

"Mwambie Alhamisi alete koleo ofisini. Hiki ni kituo cha pili chenye namba yake wiki hii. Viwili vinatosha."

Sitasema uongo, kitu cha kwanza nilichofanya ni kumpigia simu fundi mwingine aje mchana aongeze hizo mia na kumi ili pampu ifunguliwe. Cha pili ndiyo nikampigia Bi Ndoo. Alifika kabla ya yule fundi. Hakuigusa pampu. Alimwendea dada wa pampu, msichana niliyemwajiri kwa sababu haoni haya kumtazama dereva wa lori usoni.

"Ulikuwepo wanapima?"

"Nilikuwepo, mama. Mimi ndiye niliyeshika mpira wa mafuta."

"Ndoo yao ilitokaje kwenye gari?"

"Imefungwa kwenye taulo. Safi kuliko sahani za kwetu. Ilinukia sabuni."

"Walijaza mara ngapi?"

"Mara moja tu. Wakaandika, wakaondoka."

Bi Ndoo akavuta hewa puani, akanigeukia. "Tajiri, pampu hii isiguswe mpaka Ijumaa."

"Fundi wangu yuko njiani."

"Mrudishe. Akigeuza ile skrubu, ushahidi wangu umekwisha. Koleo linaondoka."

"Koleo ni lako. Pampu iliyofungwa ni yangu. Siku tatu bila namba mbili, malori yatahamia kwa jirani na hayatarudi kunisalimia."

Hakulia wala hakunikumbusha kwamba ni mjane. Angefanya hivyo ningemkatalia bila kufikiri. Alikaa juu ya sanduku lake la spana akanipigia hesabu ninayoielewa.

"Walipima kwa ndoo kavu. Ile ndoo ikiwa kavu inameza kama mililita arobaini. Kwa hiyo mita yako imepungua sabini, siyo mia na kumi. Fundi wako akiongeza mia na kumi, kila lita ishirini unayouza unatoa zawadi ya arobaini. Mpaka ukaguzi mwingine, yaani mwaka mzima. Unauza lita ngapi kwa siku?"

Nilijua nauza ngapi. Sikumwambia.

"Na ukikosea?" nikamuuliza.

"Nikikosea sina koleo, na mita yako atairekebisha huyo huyo Ijumaa. Umepoteza siku tatu."

"Siku tatu zina thamani."

"Nitafungua pampu namba moja yote, nisafishe mita na chujio. Kazi bure, gasketi zako."

"Na namba tatu."

"Namba tatu nilifungua mwezi uliopita, Tajiri. Unataka nikune mahali pasipowasha?"

Nikampigia yule fundi arudi alikotoka.

Alhamisi niliandamana naye ofisini. Si kwa wema. Nilitaka kusikia kwa masikio yangu pampu yangu itafunguliwa lini. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi baada ya chakula cha mchana. Mkaguzi alipotuita, alinyoosha mkono juu ya meza kupokea koleo.

Bi Ndoo aliliweka mezani, kisha akaliwekea kiganja juu.

"Chukua, mkuu, lakini kwanza nijibu moja. Ndoo yenu mnaiosha?"

"Mama, ndoo ya serikali haibishaniwi."

"Sibishani na ndoo. Ndoo ni nzuri. Naulizia taulo."

Msaidizi wake, kijana mpya aliyesimama kando ya kabati, akajibu kwa fahari kabla hajaulizwa. "Naiosha kila jioni kwa sabuni na kuikausha. Waliokuwepo kabla yangu waliiacha inanuka."

Mkaguzi alimgeukia. Halafu akafungua droo, akaifunga bila kutoa kitu.

"Unataka nini, mama?"

"Njoo kesho na ndoo hiyo hiyo, imeoshwa hivyo hivyo. Mjaze nyinyi, msome nyinyi. Mimi nitasimama kule kwenye mashine ya hewa ya matairi. Mjaze mara tatu, basi."

"Na ikitoka mia na kumi mara tatu?"

"Koleo hili hapa, sihitaji hata kurudi kulifuata." Akaondoa kiganja, akaliacha mezani.

Alinishtua hapo. Mimi sijawahi kuacha rehani mezani kabla ya kushikana mikono.

Ijumaa walikuja. Bi Ndoo akasimama kwenye hewa ya matairi kama alivyosema, mikono nyuma. Ndoo ikatolewa kwenye taulo. Mara ya kwanza, mkaguzi akainama, akasema kwa sauti: mia na kumi. Dada wa pampu akanitazama. Wakamwaga kwenye tangi, mkaguzi mwenyewe akaiinamisha ndoo, na nikaona midomo yake inahesabu hadi thelathini. Alikuwa anajua. Alijua siku nyingi, ila alikuwa ameacha kuangalia. Mara ya pili akainama muda mrefu zaidi.

"Sabini."

Mara ya tatu, sabini tena.

Akakunja karatasi ya Jumanne mara mbili, akaitia mfukoni. "Iko ndani ya kinachoruhusiwa. Pampu ifunguliwe." Akatoa koleo kwenye mkoba, akaenda nalo hadi kwenye hewa ya matairi kumkabidhi.

Mtu mwingine angeshukuru akanyamaza. Bi Ndoo akasema, "Andika sabini, mkuu. Sabini ni zangu. Niliiacha kwenye sifuri, haikupaswa kuteremka kiasi hicho kwa miezi sita. Kuna kikombe cha ngozi cha pistoni kimekwisha humo ndani."

Akaandika. Bi Ndoo naye akakata lakiri yake mwenyewe mbele yao, akafungua mita, akatoa kikombe kimoja kilicholika upande mmoja kama soli ya kiatu cha mtu anayechechemea, akakionyesha kwa mkaguzi, akaweka kipya. Akalowesha ndoo yake, akahesabu, akapima, akageuza skrubu robo, akapima tena. Sifuri. Waya, risasi, koleo. Akabana hadi vidole vikawa vyeupe.

Wakaguzi walikuwa wameshapanda gari. Aliwafuata na kuugonga mlango.

"Wiki hii mmefunga pampu ngapi kwa ndoo hiyo?"

Mkaguzi alifikiri kidogo, injini ikinguruma. "Tisa."

"Moja hii, moja ni ile nyingine yangu. Hizo saba ni za mafundi wenzangu. Wamenyang'anywa makoleo?"

"Wawili."

"Basi nisogezee nafasi, tukazipime tena," akasema, akapandisha ndoo kwanza, kisha sanduku, kisha yeye mwenyewe, akakaa katikati yao. Kazi ya namba moja akaniambia nitaipata Jumatatu.