Kipande cha Mwisho cha Bi Ghaliya

Mimi ni muuza duka hapa Vitongoji, na mtu akikaa miaka thelathini nyuma ya kaunta moja hujua watu kwa sabuni zao. Najua nani anaoga kwa sabuni ya mche, ileile ya kufulia, nani anataka ya kipande yenye harufu, na nani tangu aolewe Chake Chake hagusi tena ila ya maji, ile ya kubonyeza. Siri hizo sizisemi. Hii ya leo naisema kwa sababu mwenyewe kaniruhusu, tena kaniambia, "Nassor, kama utasema, usitie chumvi." Nitajitahidi.

Mwenyewe ni Maalim Hamood, ambaye nyumba yake iko mgongoni mwa duka langu. Wazee wake walikuwa na mashamba ya mikarafuu ambayo huyamalizi kwa miguu asubuhi moja. Yeye kabakiwa na mikarafuu kumi na minne, mbuzi watano na kiuno kibovu. Alisomesha skuli umri wake wote, ndiyo maana mpaka leo ukizungumza naye unahisi anakusahihisha.

Mkewe alikuwa Bi Ghaliya, na Bi Ghaliya alikuwa na desturi yake ya sabuni. Alinunua kwangu miche miwili kwa mpigo, akakaa nayo uani, akauzungushia mche mshipi wa kuvulia samaki, akazivuta ncha mbili, na kipande kikaanguka kwenye ungo. Kisu hakukitaka. Alisema kisu kinabomoa sabuni na makombo yanapotea bure. Kisha akavipanga vipande juu ya kabati la chumbani, kila kimoja mbali na mwenziwe, vikauke mwezi mzima kabla havijaguswa na maji. "Sabuni mbichi inajiogesha yenyewe," alikuwa akisema. "Iliyokauka ndiyo inayomwogesha mtu."

Maalim alioga kwa vipande hivyo miaka arubaini. Mara nyingi nilimtania, nikamtolea sabuni yenye harufu ya jasmini nikimwambia ajaribu mambo ya wenzake. Hakuigusa. Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi, nikamwachia na mche wake.

Bi Ghaliya alifariki mwaka juzi wakati wa upepo wa kusi, alfajiri ya Jumanne, na baada ya adhuhuri siku hiyohiyo tukamzika. Ndivyo tunavyozika sisi, maiti hawekwi. Wanawake walipokuwa wanamwosha, mmoja alichungulia mlangoni akaomba sabuni. Maalim akaingia chumba cha pili, akashusha kipande kimoja kutoka juu ya kabati, akampa mkononi. Mimi nilikuwa nimesimama naye. Alibaki kautazama ule mlango baada ya kufungwa.

Juu ya kabati vikabaki vipande kumi na kimoja.

Hesabu hiyo kanipa mwenyewe. Kipande kilichowatosha wiki tatu walipokuwa wawili, sasa kilimchukua wiki sita. Aliniambia hilo ndilo lililomuuma kuliko kula peke yake. Chakula mtu unapunguza, unapika kidogo. Lakini sabuni ilikaa pale kwenye kisahani cha bafuni siku baada ya siku, nene vilevile, ikimwonyesha kwamba hakuna mwengine anayeigusa.

Vilipobaki viwili, akaanguka. Sabuni ilimponyoka, akainama kuiokota kwenye sakafu yenye povu, na mguu ukaenda. Nilimsikia nikiwa dukani. Nilimkuta amekaa chini amejifunga kikoi, sabuni kaishika mkononi, ananiambia nisipige kelele. Wiki mbili alitembea kwa mkongojo.

Habari zikafika Unguja kwa Thuraiya. Huyu ndiye binti yake wa pekee, nesi, mtu wa vitendo. Hakulia kwenye simu. Alituma kwa boti chupa tatu kubwa za sabuni ya maji, ya harufu ya waridi, zenye kichwa cha kubonyeza, na agizo juu yake: zitundikwe ukutani usawa wa kifua, Baba asiiname tena. Kusema kweli alikuwa na haki. Mzee wa miaka sabini na sita hana biashara ya kukimbizana na kipande cha sabuni sakafuni. Nikapigilia misumari mwenyewe, nikatengeneza kikapu cha waya, nikatundika moja.

Siku chache baadaye Maalim akaja dukani baada ya laasiri, akakaa kwenye kigoda cha wateja.

"Nassor, umebaki mmoja," akasema.

"Mmoja nini, Maalim?"

"Mkono wa Ghaliya. Kipande kimoja. Nimekiacha pale pale juu ya kabati, hakiogewi tena." Akanitazama kama anayetaka jibu la mtihani. "Weye ndiye unayeosha wanaume hapa mtaani. Ikifika siku yangu, n'oshe kwa hicho. Hii amana."

Nikapokea. Amana ya namna hiyo mtu hakatai. Lakini nikamuuliza sasa mpaka siku hiyo ataogea nini, ile ya maji?

"Sebu, siitaki. Inateleza tu mwilini, sijui kama nimeoga au nimemwagiwa uji."

"Basi chukua mche hapa."

"Na nani atanikatia?" akasema, akanyanyuka.

Tangu siku hiyo Maalim Hamood akawa anaoga kwa maji matupu na dodoki. Nilijua, kwa sababu hakununua sabuni ya aina yoyote kwangu. Lakini chupa ya ukutani ilikuwa inapungua, na hilo lilinishangaza mpaka nilipopita uani mwake nikawanusa mbuzi. Walikuwa wananukia kuliko bibi harusi. Kumbe kila Ijumaa baada ya sala Thuraiya humpigia simu ya picha, na kabla hajamjulia hali ya kiuno humwambia, "Baba, nioneshe chupa." Na Maalim, mtu ambaye katika maisha yake hakuwahi kumpa mtoto alama asiyostahiki, kila Alhamisi alikuwa anabonyeza sabuni kwenye ndoo, anawaosha mbuzi ili chupa ipungue. Nilicheka siku hiyo mpaka nikakaa chini. Kisha nikamfikiria akiwa peke yake kule uani, anawasugua mbuzi kwa sabuni ya mwanawe, kicheko kikanikatika.

Thuraiya alikuja mwezi wa Shaabani, siku tatu tu, kazi haikumpa zaidi. Akakuta nyumba imechoka. Siku ya pili, Maalim alipokwenda msikitini kwa adhuhuri, akatoa kila kitu: kanzu, vikoi, shuka, foronya, mpaka mapazia. Kutoka dukani niliona kamba ya uani inajaa nguo nyeupe. Baadaye akaja kwangu, mikono bado ina povu, kutaka buluu ya kusuuzia kanzu.

"Na sabuni ya kufulia unayo?" nikamuuliza, maana biashara ni biashara.

"Ninayo, Ami Nassor. Nimeipata juu ya kabati."

Mimi sikujaliwa subira, mke wangu atakwambia. Nikatoka nyuma ya kaunta, duka nikaliacha wazi, nikamfuata mpaka uani. Kwenye beseni, pembeni ya maji ya kijivu, kulikuwa na kijipande kilichobaki, kikubwa kidogo tu kuliko kokwa ya tende.

Maalim alikuwa amesharudi. Alisimama mbele ya kamba, kashika mkono wa kanzu yake iliyolowa, anaangalia beseni. Nilidhani atagomba. Akasema, "Zimetakata, mwanangu. Ahsante." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hapo ndipo nilipozidi kuumia. Angemgombeza ningejua la kufanya.

Basi nikamgombezea mimi.

"Unajua umefua na nini?" nikamwambia Thuraiya. "Hicho ni kipande cha mwisho alichokata mama yako! Babako kakiwekea wasia, kaniamini miye nimwoshe kwacho akifa, weye umefulia mapazia!"

"Nassor, basi," akasema Maalim.

Thuraiya alikuwa bado kashika paketi ya buluu. Akaiweka chini taratibu.

"Wasia sikuujua," akasema. "Lakini kipande nilikijua, Ami Nassor. Nilikijua kabla sijakigusa. Nani mwengine anakata sabuni kwa mshipi?"

Akamgeukia babake. Sasa machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, maana mikono ilikuwa na povu.

"Baba, Mama kaoshwa na majirani. Miye mwanawe wa pekee, nesi, kila siku naogesha wagonjwa wa watu, mamangu sikumwosha hata kidole. Mnamwosha hapa, miye nimekaa bandarini Malindi kule Unguja juu ya begi, naambiwa boti haitoki, bahari mbaya. Siku hiyo haikutoka, na ya pili haikutoka. Nimefika siku ya hitima, nakuta kitanda kishatolewa godoro. Hakuna aliyen'ambia kitu, mlinipa chai. Leo nimepanda juu ya kiti nitoe vumbi, nakuta sabuni yake. Nikasema afadhali nifue nguo zako kwa hii, angalau mikono yangu inuke kama yake ilivyokuwa ikinuka. Ndiyo nimefua mpaka mapazia. Sikutaka imalizike upesi, na sikuweza kuacha."

Nikajiona mjinga. Usilolijua ni usiku wa giza, na mimi nilikuwa nimeingia gizani nikipiga kelele.

Baadaye Maalim aliniambia kilichokuwa kinampitia akilini: kwamba mwaka mzima na nusu alikuwa akidhani msiba ule ni wake yeye peke yake, na mwanawe yule wa vitendo ameshaupita. Simu zote zile za Ijumaa, mmoja akimwonyesha mwenzake chupa, na wote wawili walikuwa wanamlilia mtu mmoja bila kuambizana. Mficha uchi hazai, wamesema wahenga, na hao wawili walikuwa wameficha vizuri sana.

Maalim aliinama, pole pole kwa ajili ya kiuno, akakitoa kile kijipande kwenye beseni, akakisuuza. Nikadhani atakikausha akirudishe kabatini. Akampa Thuraiya kofia yake amshikie, akaingia bafuni, akafunga mlango.

Tulimsikia akichota maji. Tukasikia dodoki. Thuraiya alikaa kwenye kizingiti cha bafu, kama mtu anayemchunga mtoto asianguke, na mimi nikarudi kufunga duka kisha nikarejea, kwa sababu nilikuwa bado sijaomba radhi. Alioga kwa muda ambao sijapata kumwona mtu anaoga. Mbuzi walikuwa wanalia njaa na hakuna aliyewajali. Laasiri ikaadhiniwa, ndipo akatoka, kikoi kipya, ndevu zinachuruzika, viganja kavinyoosha mbele vitupu.

"Kimekwisha," akasema.

Kisha akanigeukia. "Nassor, ile amana nimeivunja mwenyewe. Huna dhambi. Nikifa n'oshe na sabuni yoyote. Hata hino ya mbuzi."

"Ya mbuzi ipi?" akauliza Thuraiya.

Tukalazimika kumwambia. Alicheka huku bado analia, akampiga babake begani kwa khanga, na kwa dakika moja ua ule ukawa na sauti tatu, jambo ambalo sikuwa nimelisikia tangu Bi Ghaliya.

Maalim alingoja kicheko kipite.

"Sabuni yoyote," akarudia. "Lakini weye, Thuraiya, uwahi."

Thuraiya akafungua mdomo kumwahidi, akaufunga. Mtu wa kisiwa hawezi kuahidi hilo, na wote watatu tulilijua. Akachukua paketi ya buluu, akaenda kumalizia kusuuza kanzu.

Kesho yake akaondoka na boti. Kabla hajaondoka alinunua kwangu mche mmoja, akaukata uani kwa mshipi, vipande sita, vimekwenda upande, vinene huku vyembamba kule. Maalim akavipanga juu ya kabati, vikauke. Alivisahihisha kidogo, alisema, akavigeuza.

Na mpaka vikauke? Mpaka vikauke anaogea ya maji, kweli safari hii, mwilini mwake, na kiuno kinashukuru. Nimemwona na povu lake sikioni. Nikadhani mambo yametulia, chupa itamchukua miezi mitatu.

Ijumaa iliyopita alinipita mbio mbio baada ya sala, simu mkononi, na nikamsikia akimwambia mwanawe kwamba chupa imekwisha. Zote tatu. Nikamkatiza kutoka kwenye kaunta, nikamwambia hizo mimi ninazo hapa, za waridi, za limau, aina anayotaka. Akanitupia jicho lile la darasani, akanipa mgongo.

"Ami Nassor hana," akamwambia Thuraiya kwenye simu. "Itabidi ulete mwenyewe."

Jioni nilikwenda uani kwake kumrudishia kigoda nilichokiazima. Mbuzi wote watano walikuwa wanang'aa, na wananukia waridi.