Siku Tisa za Kandida

Askari wa doria walikwisha kuipita nyumba ya Kandida pale Katindiuka, na madumu yake ya gongo, bila kunusa kitu. Ila kijana mmoja kati yao alipita bila kumwamkia. Kandida akamwita arudi, atoe shikamoo kama alivyofunzwa na mama yake. Kijana akarudi, akaamkia vizuri kabisa, na pua yake nayo ikafika mlangoni. Mwaka mmoja jela.

Mdomo huponza kichwa, na wa Kandida uliponza hata vichwa vya jirani. Mumewe, Alfonsi, alipokwenda kumtazama gerezani alimsihi safari hii afunge bakuli. Akitulia atapunguziwa theluthi ya kifungo, atoke mpunga ukikomaa, waamie pamoja, wakifukuza ndege shambani, maana yeye peke yake na mgongo wake mbovu asingeweza. Kandida akaahidi. Akanyamaza karibu miezi minane, jambo ambalo paroko wake asingeliamini hata kwa kiapo. Zikabaki siku tisa.

Ndipo akaletwa Sikitu, binti wa Kisukuma kutoka kijiji cha Mbingu, hajatimiza miaka ishirini. Kila anayeingia hupekuliwa mwilini, na sheria inataka mwanamke apekuliwe na mwanamke. Lakini afande Rosemery, askari wa kike pekee wa zamu ile, alikuwa ameaga dakika chache akatupie jicho shamba lake. Bonde zima linajua dakika chache za msimu wa ndege zina urefu gani. Afande Gasper, mwanaume aliyekuwa naye zamu, akachoka kungoja. Akamwambia binti aingie chumbani avue, atampekua yeye, kazi iishe.

Kandida, aliyekuwa pale karibu na wafungwa wenzake, akautazama ukuta. Akafikiria mpunga wake. Sikitu alikuwa analia, vidole vimeng'ang'ania fundo la kitenge.

"Shikamoo, afande," akasema Kandida, ingawa Gasper angeweza kuwa mwanawe wa mwisho. "Huyu hapekuliwi na mwanaume. Tunamngoja Rosemery."

Akaketi katikati ya mlango, na kwa mwili aliojaliwa, mlango ukawa umefungwa. Gasper akamkumbusha zile siku tisa. Akajibu kwamba kuhesabu anajua. Wanawake wengine wakaja kuketi kando yake, mmoja mmoja.

Rosemery alirudi saa tisa alasiri, matope magotini, kombeo bado shingoni. Aliona haya sana. Akampekua Sikitu nyuma ya pazia, taratibu, huku akimwomba radhi.

Gasper naye akaandika: kukaidi amri. Kandida akaongezewa mwezi mzima.

Alipotoka, ndege walikwisha kumaliza kazi yao. Alfonsi alimpokea mbele ya mabua matupu, akaanza hotuba aliyoitunza mwezi wote: kweli kabisa, mdomo ule umeshindwa kungoja siku tisa tu?

"Mpunga tutapanda tena, baba Angelina," akasema Kandida. "Yule mtoto angevuliwa pale, nani angemvika?"

Alfonsi akaiacha hotuba yake njiani. Akambebea mzigo.