Waya wa Shaba Chini ya Dirisha

Nilipoolewa Shanwe, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nyumba ya baba mkwe wangu ndiyo iliyong'aa kuliko zote mtaani. Mgongo wa paa ulifunikwa kwa shaba, juu ya kila dirisha kulikuwa na ukanda wa shaba wenye upana wa kiganja, na mlangoni bamba zima. Mzee aliwahi kuwa fundi katika mgodi wa zamani, na mgodi ulipofungwa waliruhusiwa kuchukua mabaki. Wenzake walichukua mabomba na magurudumu. Yeye alichukua shaba, akaivalisha nyumba.

Kazi ya kuitunza ikawa yangu. Limau, chumvi kidogo na majivu laini. Unasugua kwa kitambaa mpaka weusi utoke, unasuuza kwa maji mengi maana chumvi ikibaki shaba inaota ukijani, unakausha, halafu unapaka nta ya nyuki kidogo tu. Paani alipanda mzee mwenyewe. Haya yote nilijifunza bila kufundishwa uso kwa uso. Kwetu mkamwana na baba mkwe hawazungumzi hovyo. Humtazami usoni, humuulizi jambo. Mama mkwe angekuwa hai ndiye angebeba maneno, lakini alishafariki, na mume wangu alikuwa kazini reli, siku nyingi yuko Tabora. Basi mzee akitaka kusema nami alimsemesha mwanangu, ambaye hata meno hajaota.

"Mjukuu wangu, mwambie mama yako ukanda wa dirisha la pili umeanza kuweka kijani."

Nami nilimjibu mtoto. Mgeni angetuona vichaa.

Jambo moja halikupitia kwa mtoto. Kutoka paani waya mnene wa shaba uliteremka ukutani, ukapita kando ya dirisha la chumba changu, ukazama ardhini. Kiangazi, kila jioni, mzee alikuja na ndoo akamwaga maji pale waya ulipozama. Siku nyingine alitia na chumvi. Alifanya kimya, akautazama udongo unavyokunywa, akaondoka. Na upande wa pili wa ukuta huo ndipo kilipokuwa kitanda cha mwanangu.

Niliogopa, tena sana. Mimi ni Mpimbwe, tena Mkatoliki, rozari sikuiacha, lakini woga hauulizi dini ya mtu. Nilijiuliza ni nini kimefukiwa pale, na kinanyweshwa kwa ajili ya nani. Jirani yangu, Msukuma aliyehamia na familia yake na ng'ombe wao, akaniongezea.

"We mama, nyie hamuogopi? Shaba inaita radi. Sisi mvua ikija tunafunika hata kioo, wewe umelaza mtoto chini ya hiyo?"

Kuanzia hapo usingizi ukanipaa. Ningeweza kumuuliza mzee kwa sentensi moja, lakini mdomo wa kuitoa sikuwa nao.

Mawingu ya kwanza yalipoanza kujikusanya, mzee akaenda shambani Litapunga kwa siku nne. Siku ya pili nilichukua msumeno wa chuma wa mume wangu, nikaukata ule waya chini ya dirisha, kipande cha chini nikakivuta mpaka kikang'oka, nikakitupa chooni. Palipokatwa nikapaka udongo. Nilijisikia mwepesi kama aliyetua mzigo wa kuni.

Mzee alirudi mchana, mvua ikimfuata nyuma. Nilikuwa nimeshafunika kioo kwa khanga na kumvua mtoto fulana nyekundu. Ngurumo ya kwanza ilitikisa vyombo kabatini. Mtoto akalia, mzee akampakata sebuleni, ametulia, karibu anatabasamu.

"Usiogope, mjukuu wangu. Mwambie na mama yako asiogope. Radi ikija inakamata shaba ya juu, inateremka na waya mpaka kwenye sahani ya shaba niliyofukia chini. Ndo maana napamwagia maji, udongo ukikauka haupokei. Mgodini tulifunga hivyo hivyo."

Nje kulikuwa kumeshaingia giza mchana ule. Nilimtazama mtoto nikataka kumwambia yeye, kama ilivyokuwa desturi yetu, lakini yale hayakuwa maneno ya kumbebesha mtoto. Nikamtazama mzee usoni, mara ya kwanza tangu niolewe.

"Baba, ule waya nimeukata."

Hakuuliza kwa nini. Alimfunika mtoto kwa koti lake, akanitazama na yeye.

"Mama, toka. Jikoni."

Tulikimbilia banda la jiko nyuma ya nyumba, lile la udongo na nyasi, tukachuchumaa. Mzee alimkumbatia mtoto tumboni kwake. Mimi nilikuwa nikisali sala nusunusu. Kisha weupe ukajaa kila mahali, na mlio ukaja palepale, nikaanguka kifudifudi.

Mvua ilipopungua tuliukuta ukuta wa chumba changu umepasuka kuanzia pale nilipokata. Matofali yalikuwa yamerukia ndani. Godoro la mtoto lilikuwa linafuka moshi.

Majirani wakajaa uani, Msukuma wangu mbele.

"Mzee, si tulisema? Hiyo shaba yako!"

Nilimkumbatia mwanangu nikasubiri nitajwe. Woga wa radi ulishaniisha, huu ulikuwa mwingine na ulinibana zaidi. Mkamwana aliyekaribia kumuua mjukuu wa nyumba anarudishwa kwao siku hiyohiyo, na mtoto anabaki.

Mzee aliutazama ukuta, akawageukia majirani.

"Mlisema kweli," akawaambia. "Kosa ni langu."

Kesho yake alipanda ngazi akang'oa shaba yote, ukanda baada ya ukanda, watu wakimtazama kutoka barabarani. Mume wangu aliporudi aliambiwa hivyohivyo. Mzee aliishi miaka mitano zaidi, mtaani wakimtaja kuwa ndiye fundi aliyeiita radi nyumbani kwake, na vijana wakimcheka mbele yake. Kila waliposema hivyo nilifungua mdomo nikaufunga. Tulimzika watu bado wakiamini hivyo, nami nikiwa nimesimama katikati yao, nimemshika mwanangu mkono, naogopa.