Pumzi Niliyoipata Rhotia

Safari yangu ya kwenda sekondari ilinuka vumbi na samadi. Mimi na baba tulitoka Olbalbal kwa miguu kabla jua halijachomoza, tukapanda kuelekea ukingo wa kreta, na kila baada ya mwendo mfupi nilikaa chini kukohoa. Kifua changu kilikuwa kibovu tangu nikiwa mchanga. Kule juu kwenye ukungu tulipata lori la ng'ombe lililokuwa linarudi tupu, likatushusha Rhotia jioni. Baba alimwambia mkuu wa shule, "Huyu hata ndama wanamshinda mbio. Mpe kalamu."

Michezo ilifundishwa na Mwalimu Paulina, Mwiraqw wa kijiji kilekile, aliyejifunza yoga kwa wageni wa hoteli alikofanya kazi kabla ya ualimu. Asubuhi, nyasi zikiwa bado na umande, alitupanga uwanjani: nyoosha mgongo, inama mpaka viganja viguse ardhi, vuta pumzi kwa pua, itoe polepole kuliko ulivyoivuta. Tulipofika kwenye kusimama kwa mguu mmoja, watoto wa wakulima walianguka kama magunia. Sisi watoto wa wafugaji tulisimama tu, unyayo umeegemea goti, kama tulivyozoea machungani. "Waangalieni akina yero," mwalimu akawaambia, akituita kama vijana wa Kimasai wanavyoitwa. Muhula ule nilisahau kwamba nina kifua. Nilipandisha kilima na ndoo ya maji bila kupumzika, mpaka rafiki yangu Emanueli, aliyekuwa akinibebea kwa kugawiwa ugali wangu, akalalamika: "Sasa mimi ugali wako nitaulaje, na kazi umeninyang'anya?"

Siku ya kikao cha wazazi, mzee mmoja wa kanisa alitukuta uwanjani tumefumba macho. "Hawa wanamwomba nani?" akauliza.

"Hatuombi, baba. Tunapumua," Emanueli akajibu.

"Kupumua nako mnafundishwa?"

Tukacheka, na kicheko kile kikatuponza. Kikao kiliamua kwamba ile ni ibada ya kigeni. Wazee walionyoosha mikono kuipiga marufuku walikuwa wachungaji wa ng'ombe maisha yao yote, na mmoja wao alipiga kura ameegemea fimbo, mguu mmoja chini, mwingine gotini. Hakuna aliyetuuliza sisi. Mkuu wa shule, aliyekuwa ameniona nikipona, aliuandika uamuzi ule na kuugonga muhuri. Badala ya yoga tukapewa mchakamchaka: mbio za alfajiri kwa nyimbo, na fimbo kwa anayefika mwisho. Anayefika mwisho nilikuwa mimi.

Nimezunguka miji mingi tangu hapo, na kila nikipita Karatu hasira inanipanda upya. Leo hoteli zimeweka mabango ya yoga ya macheo, na vijana wa Rhotia ndio wanaowatandikia wageni mikeka. Sijasikia kikao kimeitishwa. Mgeni akipumua ni afya. Mtoto wetu alipopumua ilikuwa dhambi.

Siku niliyoondoka shuleni, nilianguka barabarani wenzangu wakiimba. Mkuu alisimama juu yangu na fimbo. "Kimbia, au rudi kwa ng'ombe wenu." Mwalimu Paulina akapiga magoti kwenye vumbi, akauweka mkono wangu kifuani pake, akavuta pumzi, akaitoa polepole, mbele ya kila mtu.

"Mwalimu, hilo limekatazwa," mkuu akasema.

"Najua," akajibu, na akavuta nyingine. Nilipumua naye mpaka nikaweza kusimama. Kisha nikaenda bwenini, nikajitwika sanduku, nikashika njia ya Karatu.