Fumbo la Tarakimu na Baba Mkwe

Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mtoto haonani na baba mkwe wake wala hasemi naye. Hapa Igogwe wengi wameshaiacha mila hiyo, ila baba mkwe wangu, aliyekuwa mpimaji wa majani ya chai kabla ya kustaafu, aliishika. Nikitokea uani, yeye anageukia migomba. Nilikuwa nikiwasimulia rafiki zangu wa chuo, tunacheka mpaka machozi.

Mwaka juzi niliomba kazi ya kuandika programu za kompyuta. Wakanitumia jaribio: 1, 11, 21, 1211, 111221. Andika programu itakayotoa mistari inayofuata. Nilipewa saa mbili, nami nilikuwa na mwaka mzima sina kazi. Nikajumlisha, nikatoa, nikazidisha. Kompyuta ikatema takataka. Kwa hasira nikaanza kuzisoma tarakimu kwa sauti, dirisha likiwa wazi.

Barazani mzee akakohoa. Akawaambia kuku, maana mimi hawezi kuniambia: "Jamani, mstari wa chini unausimulia wa juu tu. Mstari wa pili, moja-moja, una moja ngapi? Mbili. Basi wa tatu andika mbili, halafu moja. Kwani kuna kazi gani hapo?"

Kisha nikaandika programu fupi ya kupita kwenye mstari na kuhesabu tarakimu zinazofanana zilizofuatana. Nikaiendesha, ikatoa 312211. Ilikuwa sahihi, na aliyeiwaza hajawahi kushika kompyuta.

Kazi nikapata. Siku ya taarifa mume wangu alikuwa barazani na baba yake, akaniuliza kupitia dirisha: "Hivi lile fumbo ulilifumbuaje, mke wangu?"

Ningeweza kumjibu ukweli yeye, mume wangu, na mila isingevunjika. Nikasema, "Nilituliza kichwa tu."

Nilijua mzee hatanisuta, kwa kuwa hasemi nami, na ndiyo maana nilithubutu. Naona aibu hata kuandika hivi. Mila niliyoicheka ndiyo niliyojificha nyuma yake.

Kisha nikamsikia akimwambia mwanawe, "Ndaga, asante, mwanangu. Umetuletea mke mwenye akili." Laiti angenitukana.

Mpaka leo, akija mgeni, mume wangu anasimulia nilivyolifumbua fumbo lile peke yangu. Mimi niko jikoni, nasikia kila neno. Na wa kwanza kuitikia huwa ni mzee: "Kweli kabisa."